MSINGI UPIMWE KABLA YA UKUTA



Katika toleo hili twataka kusema juu ya nyumba zetu, na hasa juu ya ile sehemu ya nyumba ambayo mwenyewe haioni tena tangu siku ilipofukiwa. Twasema juu ya msingi.

Wanachama wengi wa Lokori, walimu, wauguzi, madereva, makarani, walinzi, na hata mafundi wenyewe, wamekwisha kujenga nyumba za matofali na mabati, au wamo katika kujenga. Jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini fedha zinazojenga nyumba hizo si fedha za kuokota njiani. Nyingi ni mikopo ya vyama vya akiba, nayo hukatwa katika mshahara kila mwisho wa mwezi, mwaka baada ya mwaka. Mkopo hauulizi kama nyumba ingali imesimama. Ukuta ukianguka mwaka wa pili, mwaka wa tatu mshahara utakatwa vile vile, na watoto watalala nje.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Msingi wa nyumba ya mfanya kazi ukaguliwe na injinia aliyeandikishwa, naye atoe taarifa kwa maandishi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta kuwekwa. Kama nyumba imekwisha kujengwa nayo yaonyesha nyufa, basi injinia aitwe kabla ya kununua lipu ya kuzifunika. Na kwa kuwa ni vigumu mtu mmoja kumlipa injinia peke yake mpaka afike Lokori, twataka aitwe kwa pamoja.

NYUMBA YA ZAMANI NA NYUMBA YA SASA

Wazee wetu wa Turkana hawakuhitaji injinia, wala hawakukosea. Nyumba iliyojengwa na akina mama kwa fito na makuti ya mkoma ni nyepesi, na upepo hupita ndani yake. Malisho yakiisha au maji yakija, watu huhama, na nyumba nyingine hujengwa mahali pengine kwa muda mfupi. Nyumba ile ilifaa nchi yake na kazi ya watu wake.

Nyumba ya mawe au matofali haihami. Kuta za chumba kimoja tu cha matofali zina uzito wa tani kadha, na uzito huo wote hushuka juu ya ukanda mwembamba wa udongo, usiku na mchana, kwa miaka yote ya maisha ya mwenye nyumba. Tumebadili aina ya nyumba, lakini wengi wetu hatujabadili desturi ya kuchagua mahali pa kujenga. Tunapiga ardhi kwa mguu, tunaiona ngumu, tunasema panafaa.

ARDHI YETU ILIVYO

Lokori iko kando ya mto Kerio. Mto huu hutoka nchi za juu, ukapita kati ya milima ya Tugen na mteremko mkubwa wa Elgeyo, kisha ukashuka hata kuingia Ziwa Turkana. Kwa sababu hiyo kuna mambo mawili ambayo kila mwenye kujenga yampasa kuyajua.

Jambo la kwanza, udongo mwingi wa kando ya mto uliletwa na maji. Maji ya kasi huacha mchanga, maji ya polepole huacha matope laini, na maji yaliyotuama huacha udongo wa mfinyanzi. Mto nao hubadili njia zake. Kwa hiyo chini ya kiwanja kimoja mtu aweza kukuta tabaka za namna mbili au tatu, na kiwanja cha jirani, hatua 20 tu kutoka hapo, kikawa na tabaka nyingine kabisa. Kusema kwamba nyumba ya jirani imesimama vizuri hakuthibitishi lo lote juu ya kiwanja chako.

Jambo la pili, mto waweza kujaa Lokori bila ya tone moja la mvua kuanguka Lokori. Mvua inyeshayo katika nchi za juu hufika kwetu baadaye, huku mbingu zetu ni kavu.

Wako wanaosema, "Hapa ni jangwa, mvua iko wapi?" Twawajibu kwa miaka: Kenya ilipata mvua kubwa za kupita kiasi mwaka 1961, tena mwaka 1997 na 1998 wakati wa El Nino, tena 2019 na 2020, tena 2024. Mtoto aliyezaliwa 1997 hajafikia umri wa uzee, na amekwisha kuona mara tatu kile tunachoambiwa hakiji.

Tena ardhi kavu hudanganya kuliko ardhi ya nchi za mvua. Udongo wa mchanga uliolegea huweza kuwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi, kwa sababu chembe zake zimeshikamana kwa udongo laini au kwa chumvi iliyokauka. Maji mengi yakiingia, mshikamano ule hulainika na ardhi hushuka kwa ghafula pamoja na kilicho juu yake. Udongo wa mfinyanzi una tabia nyingine: ukinywa maji huvimba na kuinua ukuta, ukikauka hunywea na kuuacha ukining'inia. Upande mmoja wa nyumba ukiwa juu ya mchanga na upande wa pili juu ya mfinyanzi, pande hizo mbili haziendi pamoja, na katikati yake ndipo ukuta unapopasuka.

UFA UNASEMA NINI

Methali yetu yasema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli, lakini ufa unaotoka katika msingi hauzibwi kwa lipu. Mwenye nyumba hupaka simiti juu yake, mwezi wa pili unatokea tena pale pale, anapaka tena. Kila mara anatoa fedha, na chini ya ardhi hakuna kilichotengenezwa.

Hata hivyo hatutaki kuwatia watu hofu bure. Si kila ufa ni hatari. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika ovyo juu ya lipu, mara nyingi ni za lipu iliyokaushwa na jua upesi. Ufa wa kuangaliwa ni ule unaopanda kama ngazi, tofali kwa tofali, kutoka pembe ya dirisha au ya mlango. Au ule ulio mpana juu na mwembamba chini. Au ule unaoonekana ndani na nje ya ukuta mahali pamoja. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri na sasa unakwama ni dalili. Sakafu iliyoachana na ukuta ni dalili.

Liko jambo ambalo kila mwanachama aweza kulifanya leo bila ya kulipa senti moja. Chukua kalamu ya risasi, piga mstari mfupi mwishoni mwa ufa, uandike tarehe pembeni. Pima upana wa ufa kwa rula, uandike nao. Baada ya mwezi mmoja tazama tena. Kama ufa umeuvuka mstari au umepanuka, basi nyumba ingali inatembea, na tarehe zako zitamsaidia sana injinia atakapokuja. Lakini ukiona ukuta umeinama au paa limeshuka, usingoje mwezi. Watoe watu ndani kwanza.

INJINIA ANAKUJA KUFANYA NINI

Wengi wadhani injinia huja kutazama tu, akaandika, akaondoka na fedha. Ni vema tujue kazi yake, ili asifanye pungufu wala sisi tusimdai yasiyo yake.

Kwa kiwanja kisichojengwa, injinia huchimbisha shimo moja au mawili, kwenda chini zaidi ya mahali msingi utakapokaa. Hutazama tabaka za udongo katika ukingo wa shimo, hushika udongo mkononi, huulowesha maji. Mara nyingine hutumia chuma chenye ncha kinachopigwa kwa nyundo ya uzito maalum, akihesabu ni mapigo mangapi yanakiingiza chini kwa kipimo fulani. Mapigo machache, ardhi dhaifu. Akiona shaka huchukua udongo upelekwe kupimwa. Kisha husema msingi uende chini kiasi gani, uwe na upana gani, uwekwe vyuma au la, na sakafu iinuliwe kiasi gani juu ya ardhi ili maji ya mto yasiingie. Huenda akasema kiwanja hicho hakifai kabisa. Neno hilo ni chungu, lakini afadhali kulisikia kabla ya mkopo kuliko baada yake.

Kwa msingi ulio wazi, kabla ya kumwaga zege, hupima mtaro kama umefika kina kilichoandikwa, hutazama kama chini yake kuna udongo uliolegea au maji, na huhakikisha vyuma havilali juu ya udongo. Hutazama mchanga na maji pia. Mchanga wa laga wafaa kama hauna matope mengi. Tia mchanga na maji katika chupa nyeupe, tikisa, iache itulie kwa saa tatu. Matope hukaa juu ya mchanga, nayo yakizidi sehemu 1 kwa 12, mchanga huo uoshwe au uachwe. Maji ya chumvi, kama ya ziwa letu na ya baadhi ya visima, hula vyuma ndani ya zege.

Tena katika joto letu zege hukauka kabla ya kushika. Zege lililopimwa vema, simiti 1, mchanga 2, kokoto 4, laweza kuharibika kwa kukosa maji siku za kwanza tu. Lifunikwe kwa magunia na kuloweshwa muda wa siku 7 kwa uchache.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, injinia hufukua kando ya ukuta mpaka auone msingi wenyewe. Hutazama maji ya paa yanaanguka wapi, choo cha shimo kiko umbali gani, na kama mti wa mathenge umeota karibu na ukuta. Mara nyingi dawa yake huwa nyepesi kuliko tulivyodhani: kuelekeza maji mbali na ukuta, kukata mti, kujaza shimo. Mara nyingine husema msingi utiwe zege jingine chini yake, kipande kwa kipande. Kazi hiyo isifanywe kwa kukisia, maana anayefukua ukuta wote kwa siku moja huuangusha mwenyewe.

FUNDI SI ADUI

Baadhi ya mafundi watasema kwamba tunawadharau. La hasha. Mafundi ni wanachama wenzetu, na fundi mwenye timazi iliyonyoka na mkono mwaminifu ni hazina ya mji huu. Lakini fundi huitwa kujenga. Hakuitwa kupima ardhi, wala hakulipwa kwa kazi hiyo. Nyumba ikipasuka, lawama yote humwangukia yeye, hata kama mwenye nyumba ndiye aliyekataa kununua simiti ya kutosha. Taarifa ya injinia humlinda fundi pia, kwa sababu imeandikwa nani alitakiwa kufanya nini.

Fundi huyo ndiye aingiaye mtaroni kwanza. Mtaro uliochimbwa katika mchanga bila ya mbao za kuuzuia huanguka pasipo kupiga hodi, na watu wamefukiwa humo. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa na kutoa habari, wala mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha kabla hatari haijaondolewa.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mtu aweza kusema kwamba ukaguzi ni wa maghorofa ya mijini. Na tutazame mijini walikoudharau.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 walikufa, wengi wao wakiwa kazini. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa 6 iliyokuwa karibu na mto ilianguka Huruma, Nairobi. Watu wapatao 50 walikufa, wapangaji wa hali kama yetu, waliokuwa wamelipa kodi. Wakuu walisema baadaye kwamba nyumba ile haikufaa kukaliwa na watu. Neno hilo lilifaa kusemwa mlangoni kabla watu hawajaingia. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, na habari zilisema kwamba chini yake kulikuwa kukichimbwa. Zaidi ya watu 20 walikufa.

Nyumba zetu ni fupi, twakubali. Lakini ukuta mmoja wa matofali watosha kumwua mtoto aliyelala, na gazeti la Nairobi halitaandika.

NYUMBA ZA MWAJIRI

Si wote wanaojenga. Wanachama wengine hukaa katika nyumba za mwajiri, na baadhi ya nyumba hizo zina nyufa za kupitisha mkono. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa au fedha za kutosha za kodi. Sisi twasema kwamba nyumba ambayo msingi wake umekatika si ya kufaa, hata ikipakwa rangi kila mwaka.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika mapatano ya pamoja yajayo kitiwe kifungu hiki: nyumba zote za wafanya kazi zikaguliwe na injinia ambaye si yeye aliyezijenga wala si mtumishi wa mkandarasi aliyezijenga, na taarifa yake isomwe mbele ya wajumbe wa wafanya kazi. Taarifa inayofungwa kabatini haimlindi mtu.

TUFANYE NINI SASA

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Gharama kubwa ya injinia kwetu ni safari. Akitoka Lodwar, akapita Lokichar mpaka Lokori kwa ajili ya nyumba moja, mwenye nyumba hiyo hubeba petroli, malazi na siku zote za njiani. Akija kwa nyumba kumi, safari ile ile hugawanywa kwa kumi. Basi twawaomba wanachama wafanye haya:

1. Kila mwenye kiwanja, mtaro ulio wazi, au nyumba yenye nyufa aandikishe jina lake kwa katibu wa tawi, pamoja na tarehe na vipimo vya nyufa alizozitia alama.

2. Wenye kuandikishwa wakutane, wakubaliane mchango, na wachague watatu wa kushika fedha na kuandika hesabu.

3. Kabla ya senti kutolewa, injinia aulizwe namba yake katika Bodi ya Wahandisi ya Kenya, nayo itazamwe katika daftari la Bodi. Mhitimu wa chuo ambaye bado yu chini ya uangalizi hana haki ya kutoa taarifa kwa sahihi yake peke yake.

4. Asichaguliwe injinia aliyeletwa na mkandarasi au na mwuza simiti. Aliyemleta ndiye atakayesemewa mema.

5. Kila mwenye nyumba apewe taarifa yake iliyotiwa sahihi na muhuri, naye aelezwe kwa Kiswahili au Kiturkana mpaka aelewe. Anayelipa ana haki ya kufahamu alicholipia.

6. Wanaojenga upya wapeleke ramani zao kwa Kaunti kupata ruhusa, kama sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inavyotaka. Na sisi kama chama tuidai Kaunti ilete wakaguzi wake Lokori, wasiishie Lodwar. Mji ulio mbali na ofisi una nyumba zinazoanguka vile vile.

Ndugu zetu, tunajua kwamba mwezi una siku nyingi na mshahara ni mdogo. Tunajua kwamba mtu aliyengoja nyumba yake miaka kumi hapendi kuambiwa angoje wiki mbili zaidi, shimo lichimbwe na udongo upimwe. Lakini msingi huonekana kwa siku chache tu. Baada ya hapo hufunikwa, na atakayetaka kuutazama itambidi abomoe. Mtaro ulio wazi leo ndio wakati wa kuuliza.

Katibu wa tawi anangoja majina. Mwenye kiwanja amwambie mwenzake.

UMOJA NI NGUVU.